Folda Niliyoibadilisha Jina

Jumapili, kambini Rubondo

Na bado nasema neno "wakimbizi" halifai kuwa jina la folda iliyojaa nyuso za watu ninaowajua. Ndiyo maana jana, nikipanga video za kanisa kwenye kompyuta, nilifuta "Wakimbizi wa Rubondo" nikaandika "Watu wa Rubondo". Nilijiona nimeshinda vita.

Leo tulikuwa na ibada ya kumaliza matanga ya Baba Neema. Programu ya kuonyesha video ikawa bado inatafuta folda kwa jina lake la zamani. Orodha nzima ikajaa alama nyekundu, na kitambaa cheupe kikabaki kitupu. Mama Neema alikuwa ameketi mbele. Video iliyopigwa hospitalini Mbarara ndiyo pekee yenye sauti ya mumewe, na alidhani nimeipoteza.

Nikamweleza nilichofanya.

"Baba Amani, hata kompyuta unagombana nayo?" akasema. "Rudisha ile jina. Nimuone bwana yangu kwanza. Kugombana, tutagombana kesho."

Nimebishana na wachungaji na maofisa bila kurudi nyuma hata hatua moja. Leo nimeliandika tena neno ninalolichukia, herufi moja moja, nikiomba lifanye kazi.

Baba Neema akatokea, amekonda, anatabasamu. Akauliza kama mbuzi wamepewa maji.

"Bamekunywa, papa," Mama Neema akamjibu taratibu kwa Kiswahili cha kwao, kama vile wako wawili tu nyumbani. "Bote bamekunywa."