Mrushaji Anauzwa

Alhamisi, mwisho wa Julai

Na mimi besiboli hata siipendi. Niliisoma tu kwa sababu kaka yangu Otieno, tangu ahamie Amerika, hajibu meseji za kitu kingine.

Leo nikiwa kwa basi tumebishana tena. Anasema timu yake itamuuza mrushaji wao bora wa mpira kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nikamwambia, "Hawawezi, bila yeye hakuna timu." Akatuma vicheko. Nikaona nafasi, nikaandika: "Mama hatoki kitandani tena. Anakuulizia kila siku. Utampigia lini?"

Aliisoma papo hapo, akatoka mtandaoni.

Nimefika nyumbani, nimepika, nimempelekea Mama chakula chake kitandani, nimekula peke yangu. Meseji ya Otieno ikaingia, nikaikimbilia simu.

"Si nilikuambia? Wameshamuuza!"

Nikamwandikia kwamba alisema kweli, ili kesho anijibu tena.