Nilivyoinuka Baada ya Chapati za Mama Kimani

Alhamisi, Ruiru. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuingia mifupani, na mimi ndani nawaka. Nimekasirika, na sitajifanya mtakatifu hapa.

Leo ushirika wa akina mama ulikuwa Theta, kwa Mama Kimani. Desturi yetu inajulikana: ukila kwa mtu, huinuki mpaka mwenye nyumba afunge kikao kwa maombi. Ukiinuka mapema, ni kama ulikuja kwa sababu ya sahani.

Lakini nina kisukari. Natumia vidonge, bado sijafika kwa sindano. Daktari wa Thika alilisema hilo neno "bado" akinitazama machoni. Mama yangu alianza na sindano, akaishia kukatwa mguu.

Nesi wa kliniki ndiye alinieleza nikaelewa. Insulini inabisha hodi kwa misuli ili sukari iingie, lakini kwa huu unene wangu, misuli imekuwa kama mtu aliyelala fofofo. Haisikii. Nikitembea, inajifungulia mlango mwingine yenyewe, na hata kesho yake inaisikia insulini vizuri kidogo. Akasema nitembee dakika kumi na tano kila nikimaliza kula, hata kama mizani haisongi.

Na haijasonga. Miezi miwili, nguo ni zile zile na zinabana pale pale. Lakini Jumatatu walipopima, sukari ilikuwa imeshuka. Nililia kwa choo cha kliniki kama mtoto.

Kwa hivyo leo nilikula githeri na chapati moja, nikamnong'onezea Mama Kimani kwamba nazunguka boma kidogo halafu narudi. Yeye akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama Ciku, miezi miwili unazunguka Ruiru na bado kiti changu kinalia ukikaa. Si ukae tu umalize chai?"

Wakacheka. Hata yule niliyempikia uji wiki nzima alipojifungua.

Wiki jana, kwa aibu kama hiyo, nilikaa. Leo nilitoka. Nikawa natembea kati ya zizi na tangi la maji, matope mpaka kwa soksi, na kupitia dirishani nikasikia ameanza kuomba, tena kwa jina langu. Bwana amwondolee dada yetu kiburi. Bwana amkumbushe mwili ni mavumbi.

Mtu akitukana amefumba macho, bado ametukana.

Nilimaliza dakika zangu zote. Nikafuta viatu kwa nyasi, nikaingia.

"Mama Kimani, maombi nimeyasikia. Amina. Sasa niombee tena nikiwa hapa mbele yako."

Hakuniombea. Alikusanya vikombe akapeleka jikoni, vingine vikiwa bado na chai ya watu. Hakuna aliyecheka.

Najiuliza kama nilimkosea. Pengine zile chapati alizikanda kwa upendo kweli, na mimi nikamwachia aibu nyumbani kwake. Lakini kidonda cha mguu wa mama yangu nilikiosha mimi, asubuhi na jioni, na ile harufu naijua mimi.

Alhamisi ijayo ushirika ni Juja. Nitaenda. Nitakula, nitashukuru, nitasimama.

Kumpenda Mama Kimani, Bwana, hiyo nipe muda.