Mkoko Usiupe Jina Lako

Kamwene, Tumaini wangu,

Hapa Kilolo baridi haina adabu, ila wote wazima. Ng'ombe wetu amezaa, na babu yako anakusalimu kwa kelele kana kwamba utamsikia huko Tanga.

Umeniuliza mikoko mnayopanda na wenzako itatunzwa na nani mkirudi chuo. Nikiwa msichana, wageni walikuja kupanda miti kwenye chemchemi yetu. Kila mche ulichomekewa kibao chenye jina la mgeni. Wageni wakaondoka, mbuzi wakala miche yote, vibao vikabaki vimesimama kama misalaba ya makaburini.

Mama yangu akapanda upya. Safari hii kila mche akauita kwa jina la mtoto wa kijijini, na mmoja akauita Yustina, jina langu. Basi kila mwanamke aliyetoka kuchota maji alisema, "Yustina ana kiu," akaumwagia kidogo. Wakiona mbuzi: "Wee! Anamla Yustina!"

Mti huo upo hadi leo.

Kwa hiyo mkoko wako usiuite Tumaini, mjukuu wangu. Muulize yule mama uliyeniandikia habari zake, anayeokota chaza hapo matopeni, mwanawe anaitwa nani.

Bibi yako mwenye mti,
Yustina