Nilisema Idi Hayumo

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri. Njia ya kutoka Kerege matope matupu, nimefika chuoni viatu mkononi. Mhadhara wa mwaka wa pili: nafsi na mwili. Nimewaeleza habari za yule Mfaransa wa karne ya kumi na saba, aliyeshikilia kwamba nafsi mbali, mwili mbali. Kisha nimembomoa, kama ninavyombomoa kila mwaka. Hakuna mtu mwingine aliyejificha ndani ya mtu, nimewaambia. Ubongo ukizimika, mwenyewe amekwisha. Wameandika bila ubishi.

Usaili wa uprofesa ni mwezi ujao. Makala nitakayoitetea imebaki kurasa za mwisho. Nimechoka, lakini nina raha.

Jumatano, 14 Mei

Idi ameanguka. Mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Kazi yake kuangua nazi huko Mlingotini, mnazi anaupanda kama sisi wengine tunavyopanda ngazi. Leo shina lilikuwa na utelezi. Kichwa kimetangulia. Mkewe, Mwajuma, alinipigia simu akilia, sikumwelewa hata neno mpaka mjomba Salehe alipomchukulia simu.

Wamemleta Dar kwa gari la wagonjwa. Mashine inampumulia. Nimemshika mguu. Una joto.

Jumapili, 18 Mei

Daktari ni kijana mpole, anatazama chini akizungumza. Ubongo umeumia vibaya mno. Hatarajii Idi aamke. Anataka familia tushauriane kama mashine iendelee.

Mwajuma anasema Idi anamsikia. Amemsomea Yasini sikioni, kidole kikacheza. Daktari akamweleza kwamba ni misuli tu, inajirusha yenyewe. Mwajuma hakumtazama.

Nami nilikiona kile kidole. 

Jumanne, 20 Mei

Tumekaa kwenye benchi nje ya wodi. Mama, Mwajuma, mimi, na mjomba Salehe, kaka yake Mama, ambaye ndiye msemaji wetu. Alikwishamwuliza shehe. Shehe kasema wasikilizwe wenye elimu. Basi Mjomba akanigeukia.

"Zuhura mwanangu, daktari kasema yake. Lakini wewe umeisomea hiyo nafsi mpaka Ulaya. Tuambie. Idi yumo au hayumo?"

Mama naye akanitazama. Ningeweza kusema sijui. Hilo ndilo lililokuwa jibu la kweli. Lakini nimezoea kusimama mbele za watu nikiwa na jibu.

"Hayumo, Mjomba."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Mwajuma akainuka.

"Wifi," akasema, "hukukaa naye hata usiku mmoja."

Akaingia wodini.

Jumatano, 21 Mei

Mashine imeondolewa asubuhi. Tulikwisha kumuaga. Mama alikwisha kumtamkia shahada sikioni. Tukangoja.

Akapumua.

Vibaya, kwa kukoroma, lakini mwenyewe. Adhuhuri anapumua. Alasiri anapumua. Daktari anasema huwa inatokea, na haina maana kwamba ataamka. Mwajuma alicheka kwa sauti, kicheko cha kutisha, kisha akasujudu palepale sakafuni.

Mimi nilitoka nje.

Jumamosi, 31 Mei

Idi karudishwa kwake Mlingotini. Macho yanafumbuka, hayamwangalii mtu. Uji anapewa kwa mpira uliopita puani. Nimepeleka mashuka na matunda. Mwajuma kaupokea mfuko mlangoni, kasema ahsante. Hakusema karibu. Nikakaa barazani na Mama. Tumechambua mchele, tumezungumzia mvua. Mama hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nimerudi nikaisoma makala yangu upya. Hoja zote zimesimama. Naichukia.

Alhamisi, 12 Juni

Usaili. Mwenyekiti wa jopo, mzee aliyenifundisha mimi mwenyewe zamani, akauliza swali nililolitegemea: kama nafsi ni kazi ya ubongo tu, tutajuaje kwamba ya mwenzetu imekwisha? Jibu limo kwenye makala, nalijua kwa ghibu. Nikafungua mdomo.

"Sijui," nikasema. "Nilimwambia mama yangu kwamba najua."

 Mmoja akakohoa. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wakanishukuru kwa kuja.

Jioni wamenipigia. Nitabaki mhadhiri mwandamizi. Haikuniuma kama nilivyodhani. Kinachoniuma ni kwamba niliacha kwenda kwa Idi wiki nzima nikijiandaa kwa ajili ya watu wale.

Jumamosi, 28 Juni

Mlingotini. Mwajuma kashikwa na homa, Mama macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Hapakuwa na mwingine, ndiyo maana Mwajuma akanipa wembe na bakuli la maji. Idi hapendi ndevu, akasema, akaenda kujilaza.

Nikaanza na shavu, taratibu. Ngozi imelegea, inabidi uivute. Macho yake yalikuwa kwenye dari. Kidevuni mkono ukateleza, nikamkata. Tone la damu.

"Nisamehe, Idi," nikamwambia. "Namalizia."

Lilinitoka lenyewe.

Nilipogeuka kuchovya wembe nikamwona Mwajuma kaegemea mlango, kajitanda khanga, anatetemeka. Sikujua alikuja saa ngapi.  Akaja akaketi upande wa pili wa kitanda, akakishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, akakigeuza kwangu.

"Upande huu bado, wifi," akasema.

Nikamnyoa upande huo.