Kocha Anataka Niondoke Bila Kuaga

Shangazi Muhiba mpendwa, assalam alaikum. Nakuandikia nikiwa juu ya paa kati ya matunda ya aprikoti yanayokauka, chini yangu mama mkwe amelala, na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi kwa sababu Alhamisi ndiyo siku niliyoambiwa nimtoroke.

Jina langu ni Mavjuda, mtu wa mji wa Isfara, shule sikwenda mbali ila sala zangu nazijua, mume wangu Abdumannon yuko Urusi kwenye ujenzi miaka mingi, na majira ya kuchipua alinipigia simu nikiwa nakanda unga, akasema, "Mavjuda, nakupa talaka moja, huku nimeoa," nami nikamwambia, "Subiri ninawe mikono," maana sikujua mtu hujibu nini, na nilipomaliza kunawa simu ilikuwa imeshakatwa, basi, tangu siku hiyo hapokei simu yangu wala ya mama yake. Eda nimekaa humu humu nyumbani kwake kama dini inavyotaka, na inaisha wiki hii. Mama yake, Bibi Oyimhon, amepooza upande mmoja, mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemwogesha, ninayemlowekea mkate kwenye chai, na binti yake Saodat yuko Khujand, tunamwona Idi hadi Idi.

Binamu yangu Nigora aliponikuta nalia akasema, "Dada, siku hizi mwanamke akiachwa anatafuta kocha." Nikamwuliza, "Kocha wa mpira?" Akacheka, "Wa maisha! Wewe umeshafungwa mabao na golini huna hata kipa."

Basi nikaanza na Dilorom, anayefundisha kwa simu namna ya kumrudisha mume kabla eda haijaisha. Aliniambia nivae gauni alilokuwa akilipenda Abdumannon, nimwoshe mama yake miguu, nijirekodi, nimtumie, roho yake italainika. Nikaegemeza simu kwenye buli la chai nikaanza kuosha, na bibi akaiona, akajifunika uso kwa mtandio kwa ule mkono wake mmoja mzima, akasema, "Mwanangu, mimi ni mgonjwa, si sinema. Nani ananitazama?" Nikaifuta ile video nikamaliza kumwosha miguu.

Nikahamia kwa Mashhura, yeye ana ukumbi hapa hapa Isfara, wanawake wamejaa, anatembea katikati yao kama mwalimu wa jeshi. Aliniuliza mbele ya wote, "Huyo ni mama wa nani? Wako au wake?" Nikasema wake. "Basi mzigo ni wake! Alhamisi mzee akilala mchana, beba nguo zako utoke, na usiage, kuaga ni kamba. Atakayeaga asirudi kwangu." Nikamwuliza, "Na nani atamgeuza?" Akasema, "Swali hilo ndilo ugonjwa wako, dada." Wanawake wakapiga makofi, na mimi pia nikapiga.

Shangazi, nguo nimeshazifunga fundo nikalificha nyuma ya magodoro ya wageni, kaka yangu wa Konibodom amenitayarishia chumba, na leo asubuhi bibi ameniuliza, "Mbona magodoro yamesogea?" nikamjibu nilikuwa nafagia. Kuondoka nataka, Mungu anisamehe, natamani hata harufu ya nyumba nyingine, ila mguu hauendi. Nimfuate kocha gani, anayenisubirisha au anayenikimbiza?

Wako katika wasiwasi,
Mavjuda

*

Mavjuda mwanangu, alaikum salam. Pole. Mwanamume aliyekupa talaka na wewe una unga mikononi, asingoje hata unawe, mimi sina la kumwongezea. Mola wake anamtosha.

Sasa nikugombeze kidogo. Umepiga makofi kwa neno lililokuchoma moyo kwa sababu wenzako walipiga. Usirudie. Dilorom amekufanya chambo, Mashhura amekufanya mtoro, na kati yao hakuna aliyekuuliza wewe unataka nini. Mimi umeniambia bila kuulizwa: unataka kuondoka. Ondoka. Eda ikiisha huna kosa mbele ya Mungu wala watu, na wanaodaiwa na huyo mzee ni watoto aliowazaa. Hapo Mashhura kasema kweli, simnyimi haki yake.

Lakini usiage? Mwanangu, hebu fikiri. Bibi Oyimhon aamke kutoka usingizi wa mchana, aite, "Mavjuda!" na nyumba inyamaze. Mwanawe alikukatia simu wewe, akamkatia na yeye. Kocha huyo anakufundisha umpe mzee talaka ya simu, tena bila simu. Mguu wako umekataa kwa sababu una akili kuliko ukumbi mzima.

Tena unakosea duka. Mtu aliyevunjika mguu hapelekwi kwa mwalimu wa mbio, anapelekwa kwanza kwa muunga mifupa. Wewe bado umevunjika. Anza na mnasihi mtulivu, au bibi otun wenu anayewasomesha Kurani, mtu atakayekaa nawe peke yenu, akuache ulie, asikupigie makofi. Ukishaweza kusimama, na ukajua unakwenda wapi, ndipo utafute kocha wa kukuonyesha hatua: kazi, nyumba, karatasi za talaka. Na huyo mpime kwa hili: ukimwambia "hapana", anakuuliza kwa nini au anakufukuza? Akikufukuza, mshukuru, amekupunguzia safari.

Leo hii, kabla jua halijazama, mpigie Saodat. Usimlilie wala usimwombe. Mwambie, "Dada, eda yangu inaisha, nahamia Konibodom, njoo tupange nani anamgeuza mama." Akisema ana shughuli, mwambie na wewe unazo. Siku chache za kumfundisha namna ya kumwinua na kumlisha mpe, hizo ni sadaka yako, wala zisizidi.

Halafu toa lile fundo nyuma ya magodoro uliweke wazi chumbani, kwa maana mzee ameshaliona, mwanangu. Aliyeuliza magodoro yamesogeaje hakuwa anauliza magodoro. Mpikie chai, mlowekee mkate, mwambie kwa mdomo wako kwamba unaondoka. Huenda akalia. Huenda akakwambia, "Nenda, ulichelewa." Vyovyote atakavyosema, msikilize mpaka amalize, maana katika nyumba hiyo nyinyi wawili ndio mlioachwa, na hakuna kati yenu aliyepewa nafasi ya kujibu.

Mikono umeshanawa. Sasa jibu.

Shangazi Muhiba