Ngoma Moja Tena

Kisangani, Tshopo

Kwako Hadidja wangu, kule Basoko,

Huku mvua inanyesha kila siku. Mama anauliza kama samaki iko mingi kwenu.

Bon. Unamujua Ngembo, munyama wangu wa jeu ya telefone, ule muchezo wa kupiganisha banyama. Akicheza ngoma, nguvu yake inaongezeka, lakini zamu inapita bila kupiga. Wewe ulizoea kuniambia, "Hamidi, ngoma mbili inatosha, piga!" Ijumaa, kwa finale ya mashindano ya quartier, mutaa wetu, nilimuchezesha ya tatu, halafu ya ine. Adui akaingiza chura kadogo, kakapuliza moshi, nguvu yote ikafutika. Nikashindwa.

Hadidja, nilimuambia papa yako kama moteri ya baleinière, ile mashua ya kutuleta kwenu, iliharibika. Haikuharibika. Ijumaa ile ile, batonton wangu, wajomba na baba wadogo, walikuwa wamekwisha kupanda, na kanzu nyeupe, na zawadi za kukuomba uwe bibi yangu. Tonton Mohamadi akanipigia, nikamujibu, "Uningojee kidogo, tonton, bado ngoma moja." Hawawezi kuenda kuomba bibi bila mwenye kuoa, donc walishuka na mizigo yao, watu wote wa port wakiangalia. Baleinière ikaenda.

Sasa Tonton anakataa kupanda tena. Anasema, "Ngembo wako aende akuombee bibi."

Alors nakuja kesho, peke yangu. Najua, mutu kuingia kwenu bila batonton ni haya kubwa. Papa yako akiniuliza wako wapi, sitasema tena moteri.

Ni mimi Hamidi, kama ungali unanitaka.