Asali Ninayo, Nauli Sina

5 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo wewe na watoto? Mgongo umepungua? Mimi ni mzima, ni magoti tu yanayolalamika. Yalizoea kusimama kutwa, sasa yanaona kama yamefukuzwa kazi.

Usishangae kupata barua. Simu ninayo, ila kuta za nyumba hii ya mwanangu ni nyembamba na mkwe wangu ana masikio mazuri. Nikikupigia nasema "tunamshukuru Mungu, tunakula, tunalala," nawe unasema "haya," ndiyo basi tena. Ya moyoni yanabaki moyoni. Kwa bahati nimemwona yule dereva wa mayai anayepakia hapo sokoni kwetu. Kumbe mayai yetu huja huku! Kila Jumanne anashusha kwenye duka lililo chini ya jengo letu. Nilimrukia shingoni mbele za watu mpaka akaona haya. Amekubali kutubebea.

Sasa hilo duka. Wenyewe wanaliita duka la vyakula vya asili, mimi naliita hospitali. Ukiingia unapokewa na baridi, sakafu inang'aa, na hakuna hata mtu mmoja wa kukuita "njoo mama, utaondokaje hivi hivi." Nyanya zimepangwa mbali mbali, kila moja imekaa peke yake kama mgeni rasmi. Na mchicha, wifi! Mchicha huu huu unaojiotea nyuma ya bafu lako, huku umefungwa utepe na kuandikwa kwamba haukupigwa dawa. Bei sikutajii, utaanguka. Nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika, halafu nikaununua, maana mkwe anataka huo na si mwingine.

Meza yangu hapo sokoni unaifuta? Yule mteja wangu wa mgahawa bado anaminyaminya nyanya? Mwambie nikirudi namminya yeye. Mwanangu anasema mtoto wake akishazoea shule tu ananisafirisha.

Wifi yako wa ghorofani

19 Februari

Wifi wa ghorofani (makubwa, umenipita cheo!),

Hatujambo, mgongo unakwenda na kurudi. Barua yako imefika ikinuka mayai. Wenzako wa mstari wetu wamenilazimisha niisome mara mbili pale kwenye utepe. Muuza kabichi amefunga kabichi moja kwa kamba ya kiatu, anasema na yeye leo ni asili. Hakuna aliyeinunua.

Sasa nisikilize, hapa hakuna mzaha. Paa jipya la soko likiisha meza zote zinaandikishwa upya, tarehe thelathini Aprili. Mwenyekiti wa soko amesema mwenye meza aje kwa miguu yake aweke dole gumba. Asiyekuja, meza yake anapewa mwingine. Nikamwambia mimi ni wifi yake, marehemu mume wake ni kaka yangu tumbo moja. Akanijibu hata ningekuwa marehemu mwenyewe.

Mwambie mwanao shangazi yake amesema akulete. Meza ile ndiyo iliyomlisha na kumsomesha, asijifanye ameisahau. Na wewe usije ukazoea baridi ya huko, ukarudi hapa ukatuomba tukupepee.

Wifi yako wa sokoni

18 Machi

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa mstari mzima. Afya ninayo, usingizi ndio unaonikimbia.

Nimemwambia mwanangu. Nimemwambia asubuhi akivaa viatu, nimemwambia jioni akivua. Anacheka, ananikumbatia. "Mama, meza ya nini tena? Umefanya kazi maisha yako yote. Pumzika." Nikamwambia nimechoka kupumzika. Akacheka zaidi, akaenda kumsimulia mke wake kama kichekesho. Kisha akasema, "Tutaona." Wewe unalijua "tutaona." Nililitumia mwenyewe alipokuwa mdogo anadai baiskeli.

Si watu wabaya, wifi, nisiwasingizie. Mkwe ananiita mama kwa moyo mmoja. Ila kazi yake ni ya kusafiri, leo yuko huku kesho kule, na mtoto anatoka shule mchana. Hakuna aliyetamka kwamba mimi ni yaya. Lakini siku nitakayoondoka, nani atamfungulia mlango? Kwa hiyo nafungua, naosha vyombo, naulizwa kama nimepumzika vizuri.

Na kuna hii kadi. Mwanangu amenipa kadi ya lile duka. Kila mwezi anaitia hela, na inafanya kazi pale tu. "Chukua chochote unachotaka, mama, usijinyime." Ndivyo alivyosema. Basi naweza kuingia nikachukua asali ya bei ya mbuzi, na mafuta ya kupaka ya maua sijui ya wapi, wakanishukuru na kuniinamia. Ila nauli ya kuja kwenu sina. Shilingi ya kumpa mtoto pipi sina. Nikiomba, mwanangu ananiuliza, "Ya kununulia nini, mama? Si una kadi?"

Nikuambie na la aibu? Nalichukia lile duka na nakwenda kila siku. Hata kama hatuna upungufu wa kitu, nashuka. Pale ndipo mahali pekee pa kwenda. Mwuzaji wa kaunta, dada mmoja mwenye miwani mikubwa, ananiita "bibi yetu," na nikiitwa hivyo nanyooka mgongo. Juzi nilichukua kichupa cha asali kwa hasira tu, nikakaa ngazini peke yangu nikachovya kidole. Tamu, wifi! Tamu hata nikatukana. Nikaimaliza.

Wifi yako wa ghorofani

1 Aprili

Wifi,

Natumaini barua hii inakukuta na akili zako zote, maana asali ya ngazini imenitia wasiwasi.

Tumechanga. Usiulize nani katoa nini. Muuza kabichi katoa huku akilalamika, lakini katoa. Nauli yako imo ndani ya bahasha hii, na kidogo cha chai njiani. Nimeshona mdomo wa bahasha kwa uzi, dereva asije akapata njaa barabarani.

Fanya hivi. Subiri Jumamosi, mwanao yupo nyumbani, mtoto hatabaki peke yake. Muage kwa heshima, mwambie unakwenda kuweka dole na kurudi. Akikubali, vizuri. Akisema "tutaona," mwambie umeshaona, kisha panda basi. Wewe ndiye uliyemzaa, hakukuzaa yeye.

Njoo, wifi. Mstari umepoa bila domo lako.

Wifi yako wa sokoni

24 Aprili

Wifi yangu,

Nisamehe kimya changu. Mimi si mgonjwa.

Bahasha ilifika. Dereva alinipa pale pale kwenye mayai, nikaipachika kifuani, na wifi, furaha niliyoipata sijui niiseme vipi. Nikanunua nyanya za jioni. Yule dada wa miwani akapima, akapitisha kadi, akasema ahsante bibi yetu. Na mimi, miguu yangu hospitali, roho yangu sokoni, nikageuka, nikachukua nyanya mbili kwenye ile rafu yao, nikasema kwa sauti, "Na nyongeza yangu hii!" Nikazitia mfukoni nikaondoka nikicheka. Miezi yote nilikuwa nikijizuia. Siku hiyo nikajisahau. Ungekuwa wewe ungeniongezea ya tatu.

Mlinzi akanishika mkono mlangoni. "Mama, rudi."

Meneja wa duka akaja. Nikamweleza meneja: umenunua, unaongezewa, ndivyo watu wanavyouziana, usipoongeza mteja harudi. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, vile watu wanavyomsikiliza mgonjwa. Akaniomba nitoe kila nilichonacho. Wifi, nimetoa bahasha kifuani mbele za watu, na barua yako ndani yake. Wakampigia mwanangu.

Alikuja anakimbia, tai imepinda. Akalipa zile nyanya mbili, akawaomba radhi. Unajua alisemaje? "Mama yangu ni mtu mzima, wakati mwingine anachanganyikiwa." Na wao wakalainika hapo hapo, "Ooh, pole, tunaelewa." Mimi niliyehesabu fedha ya soko kichwani tangu yeye hajaota meno! Afadhali wangeniita mwizi.

Ngazini akasoma barua. Akaniangalia macho yamejaa maji. "Mama, unataka kunikimbia? Nimekukosea nini?" Kile kilio nakijua tangu anakunja ngumi kwenye kanga. Nikasema, "Hapana, baba. Hujanikosea." Akachukua bahasha akasema atanitunzia.

Sasa vyakula vinaletwa na pikipiki mpaka mlangoni. Kadi imerudi kwake. Sishuki peke yangu, eti nisipotee. Huyu dada wa miwani alinipandia juu baada ya kazi kuniomba msamaha, ndiye niliyempa barua hii ampe dereva. Anasema na yeye pale hajawahi kununua hata kitunguu.

Niwekee meza, wifi. Sema lolote. Sema nimekwenda msalani.

Wifi yako

2 Mei

Wifi yangu,

Pole, na pole tena. Kaa kitako kabla hujasoma.

Siku ile ile niliyopata barua nilimpigia mwanao simu. Sikumtukana, ingawa ulimi uliniwasha. Nikamwambia, "Mama yako hajachanganyikiwa. Mama yako umemfungia." Akasema, "Shangazi, nipe wiki mbili, mke wangu yuko safarini." Nikamwambia soko halina wiki mbili. Nikamsikia analia, nikakata, maana mimi pia nilikuwa nimeanza.

Tarehe thelathini mwenyekiti kaja na karani wake na wino. Lilipofika jina lako nikaitika, "Yupo!" Yuko wapi? Nikasema kama ulivyonituma, yuko msalani. Muuza kabichi akadakia, "Nimemwona sasa hivi, tumbo limemshika." Mwingine akasema amempelekea maji. Mstari mzima, wifi! Hata wale usiosalimiana nao. Mwenyekiti akasema haya, tunamsubiri. Akaagiza kiti, akaketi mbele ya meza yako. Tukadhani atachoka. Hakuchoka. Saa zikaenda, wateja wakaisha, akawa anatutazama mmoja mmoja, nasi tunatazama chini. Kisha akasema taratibu, "Jamani, huyo mama ana tumbo gani?" na hakuna aliyecheka. Akakata jina.

Meza yako imechukuliwa na mama mmoja muuza vyombo vya plastiki. Mtu wa watu, hana kosa. Kaniuliza mwenye meza alikuwa nani, nikainamia vitunguu vyangu.

Yangu niliandikisha. Njoo, tutagawana nusu kwa nusu. Mimi nitabanana na vitunguu huku, wewe weka nyanya zako kule. Nakuambia kweli, si kwa kukupoza.

Wifi yako wa sokoni

14 Mei

Wifi yangu wa pekee,

Nimekusoma. Nimekaa kitako kama ulivyosema. Natumaini mgongo na watoto wote salama.

Mwanangu aliingia juzi na tiketi ya basi mkononi, na ile bahasha yenu vile vile, fedha haijaongezwa wala kupunguzwa. Akapiga magoti, mtu mzima yule. "Mama, nilisema neno baya pale dukani. Niliona aibu, nikakuuza wewe ili mimi nisimame. Nenda ukaweke dole lako." Hakukumbuka kwamba tarehe imeshapita. Alikuwa amehesabu zile wiki mbili zake, maskini. Nikamwambia meza haipo tena. Wifi, nilimwona akifurahi. Alijitahidi kuuficha uso, lakini mimi ni mama yake, niliuona. "Basi mama, hakuna tena cha kukukimbiza." Akaenda kuniletea maji.

Usiku huo nilikunja nguo zangu zote. Asubuhi nikazikunjua.

Nusu ya meza yako naijua upana wake. Nimeipanga nyanya mara ngapi ulipokuwa ukiumwa? Meza nzima inakutosha wewe na watoto kwa shida. Tukikaa wawili, mmoja atakuwa anakula kwa mwenzake, na utakaa kimya kwa kuwa ni wewe. Sitaki. Na kuna jingine, sitamwambia mtu ila wewe. Ulinionya nisizoee. Nimezoea, wifi. Magoti yangu yanaogopa lile jua. Ninapomfungulia mtoto mlango ananikimbilia, nami nimeanza kuisikiliza kengele kabla haijalia. Nalia na kuzoea kwa pamoja, sijui kama wewe ungeweza kunielewa.

Nimeshuka tena dukani, na mwanangu pembeni. Wamenipokea vizuri mno. Meneja aliniongezea tufaha moja mwenyewe, akaliweka juu ya mfuko, akatabasamu ili watu waone. Nikasema ahsante. Nilipofika juu sikuweza kulila, nikampa mtoto.

Bahasha naituma na dereva. Mrudishieni kila mtu chake, wa kabichi kwanza. Huyo mama wa vyombo msimtenge, mjulisheni kwa wateja wangu.

Halafu, wifi, barua hii usiijibu haraka. Acha Jumanne mbili tatu zipite. Nataka niwe na kitu cha kusubiri.

Wifi yako wa ghorofani